Stamina ya ndondo unayo, mechi yako ipo majini

ACHANA na mataji aliyobeba kwenye benchi la ufundi. Luis Enrique, kocha aliyeipa PSG ubingwa wake wa kwanza wa Ulaya mwaka 2025 kwa kuichapa Inter Milan mabao 5-0, ana shughuli nyingine aliyowahi kuifanya ambayo mashabiki wengi wa soka hawaijui.

Mwaka 2007, miaka mitatu baada ya kutundika daluga, aliingia kwenye mashindano ya Ironman mjini Frankfurt, Ujerumani. Aliogelea kilomita 3.8, akapanda baiskeli kilomita 180, kisha akamalizia na marathoni nzima ya kilomita 42. Alikuwa na miaka 37 na alitumia saa 10 na ushee.

Mchezo huo ndio triathloni: kuogelea, baiskeli na kukimbia, bila kupumzika katikati. Wewe hutakiwi kuanzia huko alikofika Luis Enrique. Lakini kama ulikuwa mtu wa ndondo, kitambi kimeanza kuchungulia na goti halitaki tena kugongwa na vijana, huu ni mchezo wa kuufikiria.

Habari njema ni kwamba miguu na pumzi za soka zitakusaidia. Habari mbaya ni kwamba zitakusaidia nchi kavu tu.

MABISHANO YA KIJIWENI

Triathloni ya kisasa ilianza San Diego, Marekani, mwaka 1974. Ironman ikafuata Hawaii, Februari 1978, na chanzo chake kilikuwa ubishi kama ule wa vijiweni kwetu: nani yuko fiti zaidi, muogeleaji, mpanda baiskeli au mkimbiaji?

Wakajitokeza watu 15, wakamaliza 12. Gordon Haller akashinda. John Dunbar, aliyekuwa akiongoza, aliishia nafasi ya pili baada ya wasaidizi wake kuishiwa maji na kumpa bia. Somo la kwanza hilo: ukienda mazoezini, beba maji yako.

Mwaka 2000 mchezo ukaingia Olimpiki ya Sydney kwa umbali wa kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40 na kukimbia 10.

UMBALI WA KUANZIA

Anayeanza huingia kwenye mbio fupi, inayoitwa sprinti: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Yapo pia mashindano mafupi zaidi ya hapo kwa wageni kabisa.

Kwa mtu wa kawaida aliyejiandaa, sprinti inamalizika ndani ya saa mbili. Ni kama mechi ya fainali iliyokwenda dakika 120, ila hapa hakuna kipa wa kupoteza muda na hakuna wa kukufanyia 'sub'.

Kuogelea ndiko kunaanza, na sababu kubwa ni usalama. Mtu aliyechoka akiwa anakimbia anatembea. Aliyechoka akiwa majini anazama.

MAJI HAYAJALI UNACHEZA NAMBA NGAPI

Hapa ndipo wanasoka wengi wanapokwama. Kiungo anayekimbia kilomita 10 kwa mechi anaweza kukata pumzi baada ya mita 25 za bwawa. Si kwamba hana stamina. Anapiga miguu kwa nguvu, na misuli mikubwa ya mapaja inakula hewa yote. Ananyanyua kichwa juu ili aone, kumbe kichwa kikipanda miguu inashuka, na mwili unakuwa kama boti iliyoingia maji nyuma.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usihesabu umbali. Ingia sehemu ambayo maji yanaishia kifuani, tumbukiza uso na toa pumzi yote ndani ya maji mpaka mapovu yaishe. Jifunze kuelea. Kisha jifunze kuvuta pumzi kwa kugeuza kichwa pembeni, si kwa kukinyanyua. Tafuta mwalimu hata kwa siku chache, maana makosa ya majini huyaoni mwenyewe.

Ukiweza mita 25 bila papara, tafuta 50, halafu 100. Mita 750 ni mara 30 za bwawa la mita 25. Mabwawa mengi ya hoteli ni mafupi kuliko hayo, hivyo uliza urefu kabla ya kujisifia.

Baharini ni habari nyingine. Kukua karibu na ufukwe si sawa na kujua kuogelea. Uliza wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, na uwe mwangalifu zaidi siku za bamvua, maana mkondo huwa mkali. Kanda ya Ziwa kuna kichocho, na sehemu nyingine mamba, hivyo usijitose popote. Na kokote uliko, usiogelee peke yako. Hata kama wewe ni mzoefu.

Siku ya mashindano kaa nyuma na pembeni ya kundi, maana mwanzoni watu hupigana viwiko kuliko kona ya dakika ya 90. Kanuni zinakuruhusu kuogelea kwa mtindo wowote, na ukichoka unaweza kushika boya na kupumua, mradi usilitumie kujisogeza mbele. Ukizidiwa, nyoosha mkono juu. Waokoaji wapo kwa kazi hiyo.

BAISKELI YA MTUMBA INATOSHA

Usidanganywe na picha za baiskeli za mamilioni. Mashindano mengi ya wanaoanza yanapokea baiskeli ya kawaida, ilimradi breki zote mbili zinakamata, matairi ni mazima na ncha za usukani zimezibwa. Mpelekee fundi aikague na arekebishe kimo cha siti. Siti ikiwa chini sana, magoti ndiyo yatakayolipa.

Helmeti haina mjadala. Ukifika eneo la kubadilishia, unaivaa na kuifunga kabla ya kugusa baiskeli. Ukikosea hapo unapewa adhabu, hata kama umetoka majini ukiwa wa kwanza.

Mazoezi ya barabarani yafanye alfajiri kabla bodaboda na daladala hazijachangamka, na ujifunze kuziba pancha mwenyewe.

MIGUU YA ZEGE

Ukishuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia, miguu inakuwa kama imemwagiwa zege. Hali hiyo humpata kila mtu, na dawa yake ni moja: mara moja kwa wiki, ukimaliza baiskeli, vaa raba papo hapo ukimbie dakika 10. Dakika chache za mwanzo ndizo ngumu, kisha mwili unakubali.

Jipe wiki 12. Siku tatu bwawani, mbili baiskeli, mbili kukimbia, moja ikiwa ile ya kuunganisha. Siku nyingine unafanya mawili, na siku moja pumzika kabisa, uangalie mpira. Kama umepita miaka 35 au una historia ya presha, pita kwanza kwa daktari.

Ukinogewa, huna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mzigo mzito. Tangu 2022, Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, kumekuwa na Ironman ya nusu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.

SI MCHEZO WA MATAIFA MAKUBWA TU

Anayesema sisi hatuwezi amtazame Flora Duffy. Alishinda dhahabu ya triathloni kwenye Olimpiki ya Tokyo na kuipa Bermuda dhahabu yake ya kwanza. Bermuda ina watu wapatao 64,000. Ukiwaleta wote Uwanja wa Benjamin Mkapa, ni wachache tu watakaobaki nje.

Na kama unapenda mabao ya dakika za majeruhi, utamuelewa Alex Yee. Paris 2024 aliachwa na Hayden Wilde kwenye kukimbia, akaonekana amekwisha, kisha akamkamata mwishoni kabisa na kushinda kwa sekunde 6.

Yee na Duffy nao walianzia kwenye mita 25 za kwanza. Zako zinakusubiri bwawani, na hata kama hutashiriki mashindano yoyote maishani, siku boti itakapoyumba au mtoto atakapochukuliwa na wimbi, utajua la kufanya.