Mguu Umegoma, Vipimo Safi: Usiseme Anaigiza!

Hebu vuta picha. Ijumaa jioni unampitia mchumba wako kazini, mkale zenu samaki. Anainuka kwenye kiti, mguu wa kushoto haumfuati. Hospitali, damu safi, picha ya ubongo safi. "Hana kitu," mnaambiwa. Njia nzima kimya, na moyoni unajiuliza: huyu ananipima au?

Mimi swali hilo nilishalitamka. Mdogo wangu alianguka wiki ya mitihani ya chuo, nikamwambia aache maigizo. Neno lile nalijutia mpaka leo.

Ugonjwa huu upo, na zamani uliitwa histeria. Ni kama simu nzima, laini nzima, ila mtandao unasumbua: ubongo na misuli havijaharibika, lakini mawasiliano yamevurugika. Mguu unapooza, sauti inapotea, wengine wanaanguka kama wenye kifafa. Hakuna anayechagua.

Anajulikanaje?

Kuna kipimo cha tangu 1908, cha daktari Mmarekani aitwaye Hoover. Mgonjwa analala chali, daktari anaweka mkono chini ya kisigino cha mguu uliogoma. "Kandamiza." Wapi! Kisha anamwambia anyanyue ule mguu mzima, huku akiuzuia. Ghafla kisigino kilichogoma kinasukuma mkono wa daktari. Nguvu ipo, ila akiitafuta kwa makusudi haiji.

Tiba ikoje?

Kwanza, maelezo. Mgonjwa aoneshwe kipimo hicho, aambiwe ugonjwa wake una jina na anaweza kupata nafuu.

Pili, mazoezi ya viungo, lakini si ya kuukodolea macho mguu. Kadiri anavyoufikiria ndivyo unavyogoma, kwa hiyo mtaalamu anamtembeza kinyumenyume au anamchezesha muziki.

Tatu, mwanasaikolojia, hasa kwa wanaoanguka. Wanajifunza kuitambua dalili ya mwanzo na kuushusha wasiwasi. Wengine hupona kwa wiki, wengine huchukua miezi, na wapo wanaobaki na dalili.

Na wewe mpenzi wake?

Usimhoji kama polisi eti "nani kakuumiza?" Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haulazimishi kupatikana kwa tukio la kuumiza moyo. Wengine wanalo, wengine hawana. Usimfanyie kila kitu pia, anachoweza, akifanye. Na mguu ukilegea ghafla, hospitali kwanza, maana inaweza kuwa kiharusi.

Mdogo wangu alianza kwa hatua nne za kinyumenyume koridoni, nimemshika mikono. Akacheka. Mimi nikamwomba msamaha, nikiwa nimechelewa wiki tatu. Wewe usichelewe.