Bunduki ya pauni 100,000, nyati yuleyule
Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania bado inapokea wawindaji wa kitalii. Wachache huja na bunduki ya mitutu miwili. Mpya ya Holland & Holland ya London inaweza kuzidi pauni 100,000. Faida yake: nyati aliyejeruhiwa akigeuka, risasi ya pili hutoka bila kukoki. Kwa mwindaji bingwa anayemlinda mgeni, huo ni uhai. Kwa mgeni mwenyewe, sehemu kubwa ya bei ni nakshi na jina. Raifo ya kawaida ya .375, risasi ya tangu 1912, humwangusha nyati huyo huyo. W.D.M. Bell aliua tembo wengi Karamoja, Uganda, kwa risasi nyembamba ya .275, alijua pa kulenga. Chenji inunue risasi za mazoezi.