Gari Kongwe Uingereza: Vibao Vyeusi na Usalama wa Watoto

Baadhi ya ndugu zetu waishio Uingereza hurithi au hununua gari kongwe, kisha hutamani kulifunga vibao vyeusi vya namba vyenye herufi nyeupe au za rangi ya fedha. Sheria ya huko haimruhusu kila mtu. Sharti gari liwe limeundwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980, na liwe limesajiliwa katika daraja la magari ya kihistoria.

Daraja lenyewe ni jepesi zaidi, kwani miaka 40 yatosha. Gari lililoundwa mwaka 1984, mathalani, lilisamehewa ushuru wa barabara tangu tarehe 1 Aprili 2025, maadamu halitumiki kibiashara. Mwenye gari huenda posta na kadi yake ili daraja libadilishwe, na kila mwaka huomba upya, japo halipi hata senti.

Linalotutia wasiwasi ni msamaha wa pili. Gari la umri huo, ikiwa halikufanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Hata hivyo, dereva angali anawajibika kisheria kwa ubovu wake, nasi twaona ni heri alipeleke kwa hiari.

Kisha kuna watoto. Magari mengi ya zamani hayakuundwa na mikanda. Katika gari la namna hiyo, mtoto wa chini ya miaka 3 haruhusiwi kupakiwa kabisa, na aliyezidi umri huo hukaa kiti cha nyuma tu. Basi mama mwenye mtoto mchanga asikubali kuambiwa kwamba msikiti uko karibu.