Mratibu wa harusi akikuletea oda, uliza kwanza: hela anayo nani?

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo naongea na nyie mnaouza vitu vya harusi: vitambaa vya sare, kadi, keki, zawadi za kicheni pati. Siku hizi maharusi wengi wanaweka mratibu. Ni mtu mzuri kwa biashara, oda yake moja inaweza kuwa mauzo yako ya mwezi mzima. Ila kuna kitu nilijifunza kwa kuumia.

Mwaka juzi dada mmoja mratibu alinitumia picha WhatsApp: "Mdogo wangu, nataka vitambaa 60, damu ya mzee, sare ya akina mama." Kimoja 25,000, jumla 1,500,000. Nilifurahi mpaka nikasahau kuomba advansi. Nikakopa kwenye kikoba, nikaenda Kariakoo kubeba mzigo. Wiki moja kabla ya harusi ananiambia kamati imepunguza, michango imekuja kidogo, wanachukua 35. Vitambaa 25 vikabaki ndani. Hiyo ni 625,000 imelala, na kikoba wanataka marejesho.

Nikamlaumu. Akanijibu, "Mdogo wangu, mimi napanga tu. Hela anayo mweka hazina."

Jibu lile ndo somo lenyewe. Mratibu anachagua na kufuatilia. Anayelipa ni kamati au maharusi, na kamati inalipa kwa michango. Michango yetu tunaijua: ahadi nyingi mwanzoni, hela inaingia wiki za mwisho. Usiwe wewe wa kuikopesha harusi.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Naomba kumjua mlipaji. Oda ikija, naomba niunganishwe na mweka hazina au maharusi wenyewe. Mratibu anayejua kazi hakasiriki, maana inampunguzia lawama.

2. Advansi kabla ya kugusa mzigo. Iwe inatosha kurudisha hela utakayonunulia. Kwenye meseji naandika idadi, bei, na tarehe ya mwisho ya kubadilisha idadi. Ikipita, hakuna kupunguza.

3. Naangalia kama tarehe imekaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Kwa hiyo nauliza: mmeshapeleka taarifa kanisani, msikitini au bomani? Kama bado, harusi inaweza kusogea, na mimi sitoi hela yangu mfukoni.

4. Sampo mkononi. Simu zinadanganya rangi. Damu ya mzee ya kwenye kioo ukiitoa juani inaweza kuwa nyekundu. Natuma kipande kwa boda, akikubali anipigie picha akiwa amekishika na aandike "ndiyo hii".

5. Cha juu tunaongea wazi. Mratibu akikuletea mteja, kumpa kamisheni ni haki, itoe kwenye faida yako. Lakini akisema "kwenye risiti andika 30,000" wakati umeuza 25,000, kataa. Kwenye kamati hakosi mama anayejua bei za Kariakoo, na siku ikijulikana jina linalochafuka ni la duka lako.

Vile vitambaa 25 nilivimaliza kwa miezi saba, kimoja kimoja, kwa bei ya hasara. Yule dada bado tunafanya naye kazi. Oda yake ya mwisho ilikuwa 80. Mweka hazina akatuma advansi jioni ile ile, halafu wakapunguza hadi 72 kabla ya tarehe tuliyokubaliana. Nilikuwa bado sijanunua, nikabeba 72. Hakikubaki hata kimoja.

Kama una mwenzako anayeuza vitu vya harusi, mtumie hii kabla hajakopa kikoba.