Je, Wajua? Kitambi Kilichoiangusha Kiev

Tusi lililovusha jeshi mto
Mwaka 1018, matusi juu ya kitambi yaliwasha mapigano! Bolesław Chrobry, mtawala wa Poland, na Yaroslav wa Kiev walikuwa wamepiga kambi wakitazamana, mto Bug katikati. Budy, jemadari wa Yaroslav, akapaza sauti: atalitoboa kwa mkuki tumbo nene la Bolesław. Tarihi ya kale ya Kiev inasema Bolesław alikuwa mnene hata farasi akambeba kwa taabu, lakini inakiri kuwa alikuwa na akili kali. Aliwaambia askari wake kwamba kama tusi lile haliwaumi, atakwenda kufa peke yake, kisha akamtosa farasi mtoni. Jeshi zima likamfuata. Yaroslav hakupata hata nafasi ya kupanga safu zake.

Mashua zilizovunjwa na wenyeji
Yaroslav alishindwa, akafika mji wa Novgorod akiwa na watu 4 tu! Alitaka kukimbilia ng'ambo ya bahari, wenyeji wakazivunja mashua zake, kisha wakachanga fedha za kukodi askari wapya. Bila ujasiri huo, huenda historia ya Ulaya Mashariki ingechukua njia nyingine: mwaka 1019 Yaroslav aliirudisha Kiev mikononi mwake.

Siku 23 hadi mji mkuu
Turudi 1018: mapigano ya mto Bug yalikuwa Julai 22. Agosti 14 Bolesław aliingia Kiev, akamketisha mkwewe Svyatopolk, nduguye Yaroslav, kwenye kiti cha enzi. Askofu Thietmar, Mjerumani aliyeishi enzi hizo, aliandika kuwa mji ulikuwa na makanisa zaidi ya 400 na masoko 8. Alihesabu pia wasaidizi wa Bolesław: Wajerumani 300, Wahungaria 500 na Wapechenegi, wafugaji wapiganaji wa nyika, 1,000.

Upanga uliochelewa kuzaliwa
Wapoland husimulia kuwa Bolesław alipiga Lango la Dhahabu la Kiev kwa upanga uitwao Szczerbiec, ukapata pengo. Hadithi tamu mno! Ila lango lilijengwa takriban miaka 20 baadaye, na upanga wenyewe ulifuliwa baada ya karne moja na zaidi. Hata hivyo, kuanzia 1320 wafalme wa Poland walitawazwa nao, na leo umehifadhiwa katika Kasri la Wawel, Kraków.

Mahasimu wakawa wakwe
Miaka ilipopita, Yaroslav alimwoza dada yake, Dobroniega, kwa Kazimierz, mtawala mpya wa Poland. Huyo bwana harusi alikuwa mjukuu wa Bolesław yuleyule!