Una kinundu kwenye ukope? Usikitumbue!

Unajitazama kwenye simu kabla ya kupiga selfi na kumbe kuna kinundu kwenye ukope. Hakiumi, ila kila unayeongea naye anakikodolea hicho tu. Wenzako watakutania ati umechungulia watu wakioga. Puuza.

Kikiwa chekundu, chenye maumivu, na kimetokea pale nywele za kope zinapoota, hiyo ni chokea, na huletwa na bakteria. Kikiwa kigumu kama punje ya njegere na hakiumi, huenda ni kalazioni. Kope zina tezi ndogo za mafuta, takriban 30 kwenye ukope wa juu pekee, na mafuta hayo huzuia machozi kukauka upesi. Tundu la tezi moja likiziba, mafuta hurundikana na ukope huvimba. Kalazioni si saratani, wala haiambukizi.

Tatizo ni kwamba vijana wengi hukiminya kama chunusi. Mafuta humwagika ndani ya nyama ya ukope na uvimbe huzidi. Wewe chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto unayoweza kustahimili, ukiweke juu ya jicho ulilofumba kwa dakika 10, mara tatu au nne kwa siku, kisha ukande polepole ukielekea kwenye nywele. Wanja na maskara weka kando kwanza (na hiyo tabia ya kuazimana, hapana). Vinundu vingi hunywea baada ya wiki kadhaa.

Na kikikataa? Kikipita miezi miwili, au kikikandamiza jicho hadi unaona ukungu, nenda kliniki ya macho. Hapa ndipo wengi hutoroka wakiwazia kovu usoni. Unadungwa sindano ya ganzi, na kwa kweli hiyo ndiyo inayouma. Ukope unashikwa kwa kibanio na kugeuzwa, unakatwa upande wa ndani, na uchafu unakwanguliwa kwa kijiko kidogo. Kwa kawaida hushonwi, na kwa kuwa kidonda kiko ndani, hakuna wa kukiona. Dakika 20 hivi, umemaliza.

Lakini kinundu kinachorudi palepale, kinachotoa damu au kinachoangusha nywele za kope, uliza kama kipande chake kitapelekwa maabara. Mara chache, saratani hujificha hivyo.

Utatoka jicho likiwa limefungwa kwa saa chache, kwa hivyo siku hiyo usiendeshe gari wala bodaboda. Enda na mtu.