Makumbusho ya Bujora Yatufundisha Kutunza Miti

Akina mama wengi tukisikia neno makumbusho, tunadhani ni mahali pa watalii na wasomi. Lakini sisi wa Kimali na Bariadi yote tunayo makumbusho yetu ya Kisukuma kule Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza. Yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanza kazi Bujora katika miaka ya 1950.

Humo zimo ngoma za watemi, nyumba ya mganga na nyumba ya mhunzi. Tunapowapeleka watoto, tusiishie kuwaambia kuwa hizi ni mali za mababu. Tuwaulize: Ngoma hii ilichongwa kwa mti gani? Nyasi za kuezekea zilikatwa wapi? Makaa ya mhunzi je? Mtoto atatambua kwamba kila kitu kilitoka porini, na pori la kwetu limepungua sana.

Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa ili kumaliza mbung'o, kisha ikafyekwa kupata mashamba ya pamba. Leo mvua hazitabiriki, na ardhi tupu hukauka upesi. Anayeumia kwanza ni mama anayefuata kuni mbali. Nasi wauguzi tunajua kuwa kuni zikikosekana, maji ya kunywa hayachemshwi, na watoto huharisha.

Dawa mojawapo tunayo wenyewe. Ni ngitili, yaani eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti ikue, kisha mifugo ilishwe humo wakati wa kiangazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI mkoani Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi ndani yake. Ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miti hiyo hushika udongo, tena hunyonya hewa ya ukaa inayoongeza joto duniani.

Bujora pia kuna sherehe ya Bulabo, ambapo Wagika na Wagalu hushindana kucheza. Msukuma husikiliza wimbo kuliko hotuba. Basi kwaya na vikundi vyetu vitunge nyimbo za ngitili. Na nyumbani, kila familia ifunge japo kipande kidogo cha shamba, na kila mtoto apewe mti wake wa kumwagilia.